Jua tangi lako linakula kiasi gani: kutuliza maji ya matumbawe nyumbani

Siku nilipoanza kupoteza tumbawe langu la kwanza la matawi, vipimo vyote vilikuwa vizuri. Ualkali 9, kalsiamu 420, chumvi 35, nitrati kidogo. Kasoro ni kwamba usiku mmoja kabla yake ualkali huohuo ulikuwa 6.4. Niliona namba ya chini, nikashikwa na wasiwasi, nikamimina dozi yote kwa mkupuo mmoja kabla ya kulala. Asubuhi namba ikapendeza. Siku ya tatu ncha za matawi zikaanza kuwa nyeupe, kisha ngozi ikachunika kuanzia chini kwenda juu, ikibandukabanduka kama rangi ya ukuta ulioingia maji. Kufikia mwisho wa wiki ulikuwa umebaki mfupa mtupu.

Tangu hapo niliacha kufukuza namba. Matumbawe huishi vizuri kwenye ualkali wa 7, na huishi vizuri kwenye 10. Yasichoweza kuvumilia ni kutolewa huku na kupelekwa kule ndani ya usiku mmoja. Kwa hiyo kazi ya mfugaji ni kuchagua namba moja inayofaa na kuishikilia, wiki hadi wiki. Na huwezi kuishikilia mpaka ujue tangi lako linakula kiasi gani kila siku.

Nitapanga hatua kwa mfuatano ambao ningemwelekeza mtu aliyekaa pembeni yangu: kwanza kuziba mianya inayotikisa maji kimyakimya, kisha kupima, kisha kujua matumizi ya tangi, na mwisho kabisa kuongeza kemikali. Wengi huanzia hapo mwisho, na ndiko majuto yanakoanzia.

Kwanza, elewa kinacholiwa

Meli ya Challenger ilipozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, ilirudi na chupa za maji kutoka kila upande. Mkemia William Dittmar alizichambua sampuli 77 na mwaka 1884 akatoa matokeo yake: chumvi inaweza kuzidi au kupungua kidogo kutoka bahari moja hadi nyingine, lakini uwiano wa madini makuu ndani yake haubadiliki. Hayo ndiyo makazi ambayo matumbawe yameyazoea, maji mengi mno kiasi kwamba kiumbe mmoja hawezi kuyabadilisha. Ndani ya lita 200 sebuleni, kila kinacholiwa na kila kinachotolewa huonekana.

Mfupa wa tumbawe ni kaboneti ya kalsiamu, yaani chokaa. Ili kuujenga, tumbawe huchota kalsiamu kwenye maji pamoja na bikaboneti. Ualkali tunaoupima kwa dKH (digrii za ugumu wa kaboneti) kwa sehemu kubwa ni akiba ya hiyo bikaboneti na kaboneti. Vitu hivi viwili huliwa kwa uwiano: ualkali ukishuka dKH 1 kwa kazi ya kujenga mifupa, kalsiamu hushuka takriban miligramu 7 kwa lita.

Tazama sasa ukubwa wa akiba zenyewe. Tuseme ualkali umeshuka kutoka 8 hadi 6. Robo nzima ya akiba imekwisha, na matumbawe yanaanza kuhisi. Kalsiamu kwa wakati huohuo imetoka 420 hadi 406, tofauti ambayo vipimo vingi vya matone haviwezi hata kuibaini. Ndiyo maana naupima ualkali mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kalsiamu inaweza kusubiri. Ualkali hausubiri.

Viwango ninavyolenga mimi ni hivi, na vyote viko karibu na bahari yenyewe:

- Joto: nyuzi 25 hadi 26 za selsiasi
- Chumvi: sehemu 35 kwa elfu, sawa na uzito linganifu wa karibu 1.026
- Ualkali: dKH 7.5 hadi 9, lakini chagua namba moja
- Kalsiamu: 400 hadi 450 mg kwa lita
- Magnesiamu: 1,280 hadi 1,350 mg kwa lita
- Nitrati: 2 hadi 10 mg kwa lita
- Fosfati: 0.03 hadi 0.1 mg kwa lita
- pH: 7.9 hadi 8.4, ikipanda mchana na kushuka usiku
- Amonia: isionekane kabisa

Kama tangi bado ni jipya na amonia inaonekana, funga ukurasa huu kwanza. Bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti kisha nitrati kwa kawaida huhitaji wiki nne hadi sita kukaa sawa, na hakuna tumbawe linalopaswa kuingia kabla yao.

Hatua ya 1: Ziba mwanya wa chumvi

Maji yanayopotea hewani ni maji matupu. Chumvi hubaki. Tangi la lita 200 likipoteza lita 4 kwa siku, chumvi hupanda kutoka 35 hadi karibu 35.7. Ukikaa siku tatu bila kuongeza, inapita 37. Kisha unakumbuka, unamimina ndoo nzima, inarudi 35 ndani ya dakika mbili. Kila madini uliyokuwa unayapima kwa uangalifu yamepanda na kushuka pamoja na chumvi hiyo. Nimeona watu wakihangaika na kalsiamu inayocheza miezi mizima, kumbe tatizo lote lilikuwa kujaza maji kwa kushtukia.

Dawa yake ni swichi ya boya inayowasha pampu ndogo kila maji yakishuka sentimita moja. Kama huna, bandika kipande cha utepe kwenye kioo, usawa wa maji, na ujazie hadi hapo asubuhi na jioni. Kwa wenye boya, neno moja: chombo cha akiba kisiwe kikubwa. Siku moja boya litakwama likiwa limewasha, kwa sababu konokono hupenda kupanda juu yake. Akiba ya lita 10 ikiingia yote kwenye lita 200, chumvi itashuka hadi 33 na kidogo, na viumbe watapona. Akiba ya lita 60 ni msiba.

Maji ya kujazia yawe yaliyochujwa kwa RO (utando wa osmosisi kinyume) na DI (resini ya kuondoa ioni), na kipima cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kisome sifuri. Maji ya bomba hubeba klorini, fosfati, silika, na wakati mwingine shaba kutoka kwenye mabomba. Shaba ambayo haimdhuru mtu anayekunywa inaua kamba, konokono na matumbawe. Na kwa kuwa maji ya kujazia huingia kila siku na hayatoki, kila uchafu uliomo hujilimbikiza.

Kuhusu kupima chumvi, refraktomita (kifaa kinachosoma chumvi kwa kupinda kwa mwanga) isawazishwe kwa maji ya kusawazishia yenye chumvi 35. Maji matupu peke yake hayatoshi, kwa maana kifaa kinaweza kusoma sifuri sawasawa halafu kikakosea huko juu unakokihitaji. Weka matone mawili, funika, subiri nusu dakika yapoe au yapate joto la kifaa, ndipo usome. Fanya usawazishaji huo kila mwezi.

Hatua ya 2: Joto

Hapa sina mengi. Hita hufa, na mara nyingi hufa ikiwa imewaka. Tumia hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikikwama isiweze kuchemsha tangi peke yake, na uziunganishe na kidhibiti cha nje chenye kipima joto chake. Kubadilika nyuzi moja kati ya usiku na mchana si tatizo.

Hatua ya 3: Badilisha maji bila kuyatikisa

Asilimia 10 kila wiki inatosha tangi la kawaida. Changanya maji mapya siku moja kabla, kwenye chombo chenye pampu na hita. Tia maji kwanza, chumvi baadaye, kidogokidogo huku pampu ikizunguka. Ukifanya kinyume, ukamimina maji juu ya rundo la chumvi, kalsiamu na bikaboneti hukutana zikiwa nzito na kugandana, na unaona wingu jeupe linalotua chini kama vumbi la chokaa. Hilo wingu ni madini uliyoyanunua, na hayatarudi kwenye maji.

Kabla ya kumimina, pima vitu vitatu kwenye maji mapya: joto, chumvi na ualkali. Hicho cha tatu ndicho wengi hawakipimi. Chumvi nyingine za kuchanganya hutoa ualkali wa 7, nyingine 11 au 12. Kama tangi lako liko 8 na maji mapya yako 12, asilimia 10 itakupandisha 0.4, jambo dogo. Lakini siku utakayoamua kufanya usafi mkubwa na kubadilisha asilimia 30, utapanda 1.2 ndani ya nusu saa, na utajiuliza kwa nini matumbawe yamejikunja wakati umeyapa maji masafi.

Usitegemee kubadilisha maji kuwe ndiyo chakula cha matumbawe yanayokua. Tangi linalokula 0.4 kwa siku linakula 2.8 kwa wiki. Maji yale ya 12, kwa asilimia 10, yatarudisha chini ya 0.7. Tangi lenye matumbawe laini tu linaweza kuishi kwa kubadilisha maji peke yake. Ukishaweka matumbawe ya mawe, hesabu haifungi.

Hatua ya 4: Pima kwa mkono uleule, saa ileile

Kipimo cha matone kinachofanywa vibaya kinaweza kukupa tofauti ya dKH moja nzima, na wewe ukakimbilia kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Ninavyofanya ni hivi. Nasuuza chupa ya kupimia kwa maji ya tangi mara mbili, kisha nachota kwa sirinji. Sirinji naigeuza ncha juu, naigongagonga kwa kucha mpaka kipovu kipande, nakisukuma nje, ndipo nashusha pistoni hadi mstari. Naweka rangi ya kiashirio, kisha natia kemikali tone moja moja huku nikitikisa chupa polepole mbele ya karatasi nyeupe. Kuna tone ambalo rangi inabadilika pale linapodondokea halafu inarudi. Hilo silo. Subiri lile linaloibadilisha chupa nzima na ibaki hivyo. Andika tarehe, saa na namba papo hapo. Kumbukumbu ya kichwani huwa inavutwa na namba tunayoitamani.

Saa iwe moja. Mimi hupima asubuhi kabla taa hazijawaka, kwa sababu matumbawe hujenga zaidi kwenye mwanga na dozi nyingi huingia usiku. Ukipima leo asubuhi na kesho jioni, unalinganisha vitu viwili tofauti.

Na kipimo chenyewe kipimwe. Unaweza kujitengenezea maji ya kuhakikisha ualkali kwa mizani ya gramu yenye desimali: yeyusha gramu 2.4 za bikaboneti safi ya sodiamu kwenye maji ya RO hadi yafike lita 1. Chota mililita 100 za hayo, uongeze maji ya RO hadi yafike tena lita 1. Yatakuwa na ualkali wa dKH 8. Kipimo chako kikisoma 8.6 hapo, unajua kwamba kinaongeza 0.6, na hilo si kosa la tangi. Fanya hivyo kila unapofungua kifurushi kipya cha vipimo vya matone, kwa kuwa kifurushi cha zamani na kipya mara nyingi havisemi namba moja.

Hatua ya 5: Jua linakula kiasi gani

Hii ndiyo hatua niliyoikosa mwaka wangu wa kwanza, na kama ungefanya moja tu kati ya zote, ningeomba iwe hii.

Rekebisha ualkali ufike kwenye namba uliyoichagua, taratibu. Kisha acha kuongeza chochote kwa siku tatu. Usibadilishe maji. Jaza yale yanayopotea tu. Pima kila asubuhi.

Tuseme umesoma 8.4, kisha 8.0, kisha 7.6, kisha 7.2. Tangi linakula 0.4 kwa siku. Namba hiyo ni ya tangi lako na la mtu mwingine haikuhusu, hata kama mnalingana lita. Idadi ya matumbawe, mwani mwekundu mgumu unaofunika mawe, nguvu ya taa, vyote vinaingia humo. Ukiona tangi linashuka zaidi ya 1 kwa siku, usisubiri siku zote tatu, mbili zinatosha.

Pia unahitaji kujua ujazo halisi wa maji, siyo ule ulioandikwa kwenye boksi. Pima ndani urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, zidisha, gawanya kwa 1,000 upate lita, ongeza maji ya sampu (tangi dogo la chini linalobeba vichujio), kisha toa nafasi ya mawe na mchanga. Kama una shaka, kadiria chini. Dozi ndogo utaiongeza kesho, lakini iliyozidi huwezi kuichota.

Hatua ya 6: Rudisha kilicholiwa, siyo zaidi

Kanuni ninayotumia ya mchanganyiko wa chupa mbili ni hii:

Chupa ya kwanza: gramu 60 za bikaboneti ya sodiamu ndani ya lita 1 ya maji ya RO.

Chupa ya pili: gramu 52.5 za kloridi ya kalsiamu ile yenye molekuli mbili za maji, ndani ya lita 1 ya maji ya RO.

Zimepangwa ili mililita sawa za kila chupa zirudishe ualkali na kalsiamu kwa uwiano uleule wa mfupa wa tumbawe. Mililita 50 za chupa ya kwanza hupandisha lita 100 za tangi kwa dKH 1. Kwa tangi letu la lita 200 linalokula 0.4, ni mililita 40 za kila chupa kwa siku. Kloridi ya kalsiamu isiyo na maji ni nzito zaidi kwa madini. Ukiwa nayo, tumia gramu 40 badala ya 52.5. Ikiyeyuka hutoa joto, kwa hiyo tia kidogokidogo na vaa miwani. Zote ziwe za kiwango cha chakula au cha maabara. Na bikaboneti iwe bikaboneti tupu: pauda ya kuumulia keki ina asidi na wanga ndani yake, haifai hata chembe.

Chupa hizi mbili zisikutane kabla hazijachanganyika na tangi. Ukizimimina mahali pamoja kwa wakati mmoja, lile wingu jeupe hutokea mbele ya macho yako, na chembe zake huendelea kuvuta madini mengine. Tia moja kwenye mkondo mkali wa maji, subiri angalau dakika 30, ndipo nyingine. Mwenye pampu ya dozi aigawe mililita 40 mara 12 au zaidi kwa siku, kila chupa kwa saa yake. Na kila mwezi aelekeze mrija kwenye kikombe cha vipimo aone kama mililita 10 bado ni 10, maana mrija wa ndani hulegea kwa kukandwa.

Baada ya siku tatu za dozi, pima tena. Ukiwa unapanda, punguza kwa sehemu ya kumi; ukiwa unashuka, ongeza kwa sehemu ya kumi. Usibadilishe dozi kwa kipimo kimoja tu.

Mbinu hii huacha chumvi ya kawaida nyuma, kwa kuwa sodiamu na kloridi hukutana majini. Uchumvi utapanda polepole sana miezi ikienda, na kubadilisha maji kila wiki ndiko kunakouweka sawa.

Njia nyingine ninayoipenda ni maji ya chokaa. Hidroksidi ya kalsiamu safi, gramu 2 kwa lita ya maji ya RO, tikisa, acha itulie, tumia maji maangavu ya juu. Lita moja iliyokolea huongeza dKH 0.57 hivi kwenye tangi la lita 200, pamoja na kalsiamu yake kamili, na haiachi chochote cha ziada. Inapandisha pia pH, faida kubwa kwa nyumba ambazo madirisha hufungwa. Lakini pH yake yenyewe inapita 12. Inaunguza ngozi na macho, na ikiingia kwa wingi inaua tangi zima. Idondoke polepole, vizuri zaidi usiku, na chombo kifunikwe kwani hewa ukaa huigeuza kuwa utando mgumu usio na kazi. Wengi huiweka kwenye maji ya kujazia. Fanya hesabu kwanza: kama tangi linapoteza lita 2 kwa siku na linakula 0.4, chokaa iliyokolea kabisa itakupa zaidi ya 1.1. Mahitaji yako ni kama mililita 700 tu ya maji yaliyokolea, kwa hiyo yachanganye na maji matupu kufikia zile lita 2.

Magnesiamu

Huliwa kidogo sana. Kazi yake ni kuzuia kalsiamu na kaboneti zisigandane zenyewe ndani ya maji. Ukiona hita na pampu zinaota gamba jeupe na ualkali haushikiki hata ukiongeza, pima magnesiamu. Huenda iko 1,100. Gramu 8.4 za kloridi ya magnesiamu yenye molekuli sita za maji hupandisha lita 100 kwa 10 mg kwa lita. Usipandishe zaidi ya 50 mg kwa lita kwa siku. Kipimo kimoja kwa mwezi kinatosha.

Nitrati na fosfati visifike sifuri

Kwa muda mrefu niliamini maji masafi kabisa ndiyo bora. Nikaweka kichujio cha fosfati, nikapunguza chakula cha samaki, nikafurahia sifuri mbili. Matumbawe yakapauka, kisha juu ya mchanga ukatokea uteute wa kahawia wenye vipovu vya hewa, unaopotea usiku na kurudi mchana. Hao ni dinoflagelata, viumbe wadogo wa seli moja, na kuwaondoa kulinichukua miezi. Matumbawe hula nitrojeni na fosforasi kama mmea wowote unavyohitaji mbolea.

Zikipanda sana nazo zina madhara: fosfati nyingi hupunguza kasi ya matumbawe kujenga mifupa na hulisha mwani. Zishushe polepole. Fosfati ya 0.3 kushushwa hadi 0.03 kwa siku mbili ni mshtuko sawa na ule wa ualkali. Weka robo ya dawa ya kichujio iliyoelekezwa, pima baada ya siku tatu, ongeza kama kuna haja. Na ujue kwamba mawe na mchanga huhifadhi fosfati na kuirudisha majini, kwa hiyo namba itapanda tena kidogo baada ya kushuka. Hilo ni la kawaida.

Kitu kimoja zaidi kinachounganisha yote: maji yenye nitrati na fosfati ndogo mno hayapatani na ualkali wa juu. Ncha za matawi huungua. Ukipenda kukaa kwenye 9 au 10, lisha samaki vizuri.

pH ikiwa chini, tafuta hewa

Usinunue chupa ya kupandisha pH. Karibu kila mara ualkali ukiwa sawa na pH ikabaki 7.7, sababu ni hewa ukaa kutoka kwenye pumzi za watu ndani ya nyumba iliyofungwa.

Hakikisha hivi: chota kikombe cha maji ya tangi, pima pH, kipeleke nje na pampu ndogo ya hewa, kipulizie saa moja, pima tena. Ikipanda hadi 8.1, tangi lina hewa ukaa nyingi. Rudia kikombe kingine kwa kukipulizia ndani ya chumba. Kama hakipandi, hewa ya chumba ndiyo tatizo. Fungua dirisha, au peleka nje ya nyumba mrija wa hewa wa skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu). Kama kikombe cha ndani nacho kimepanda, chumba hakina shida. Maji yako hayachezi vya kutosha juu, elekeza pampu kwenye uso wa maji.

Namba ikiharibika

Ualkali ukiwa umeshuka, hata hadi 5, upandishe si zaidi ya 1 kwa siku. Mimi hukaa kwenye 0.5. Ukiwa umezidi, simamisha dozi na uache tangi lile lenyewe. Usitie asidi.

Ualkali ukianza kupanda bila wewe kubadilisha dozi, angalia matumbawe kabla ya pampu. Tumbawe linaloumwa huacha kujenga, na kuacha kula huonekana kwenye kipimo siku kadhaa kabla ngozi haijaanza kuchunika. Kagua joto, chumvi, na kama kuna kitu kipya kimeingia majini.

Amonia ikionekana kwenye tangi la zamani, kuna kiumbe amekufa nyuma ya mawe. Mtafute kwa kunusa skima na kwa tochi, mtoe, badilisha asilimia 20 ya maji yaliyolingana, weka kaboni ya kuchujia.

Tangi linapokua, na unaposafiri

Matumbawe yakinawiri, hamu yao huongezeka. Dozi ya mililita 40 ya leo inaweza kuwa 70 baada ya miezi sita. Pima ualkali mara mbili kwa wiki, na uone mwelekeo wa wiki tatu kwenye daftari kuliko namba ya siku moja.

Ukisafiri, usibadilishe chochote katika siku saba za mwisho: hakuna tumbawe jipya, hakuna chapa mpya ya chumvi, hakuna kichujio kipya. Mpe anayebaki mambo mawili tu, kujaza akiba ya maji matupu na kulisha samaki, na chakula umpimie kwenye vikopo vya siku moja moja ili asizidishe kwa huruma. Chupa za dozi zijaze wewe mwenyewe, uziwekee alama ya kalamu mahali maji yalipo. Ukirudi, linganisha alama na kilichobaki, kisha pima chumvi na ualkali kabla ya kugusa kitu kingine.